Medali ya 1953 niliyozawadiwa na mzee wa KEYA: haina jina ukingoni, na hapo ndipo kazi ilipo

Msomaji wa Luanda (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Habari hii nitaieleza kwa urefu kwa sababu najua humu wamo wajukuu na vitukuu wa askari wa KEYA, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la askari Waafrika la wakati wa mkoloni, kuanzia Vihiga hadi Migori, na wengi wenu mna kitu kama hiki nyumbani, kimefungwa kwenye mfuko chini ya kitanda, na hakuna anayejua kifanywe nini.

Medali ninayoizungumzia ni ya kumbukumbu ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, tarehe 2 Juni 1953. Ni ya fedha, upana wake kama milimita 32. Upande mmoja yupo Malkia mwenye taji, anatazama kulia, bila maandishi yoyote ya kumzunguka. Upande wa pili kuna herufi EIIR chini ya taji, na kwa pembeni maneno ya Kiingereza yanayosema alitawazwa siku hiyo. Utepe wake ni mwekundu uliokoza, kingo nyeupe, na katikati mistari miwili myembamba ya buluu. Utepe wa hii umeliwa na wadudu upande mmoja mpaka nyuzi zinaning'inia. Nimeuacha hivyo hivyo.

Hii si medali ya vita. Hakuna aliyeipata kwa kupigana mahali fulani. Ilitolewa kama ukumbusho kutoka kwa Malkia mwenyewe, na kila kikosi kilipata chache, makamanda wakachagua nani apewe. Huko Uingereza kuipata si kazi. Lakini moja iliyopita mikononi mwa askari Mwafrika wa King's African Rifles, ikabaki Kenya miaka yote hii, na ikawa bado na karatasi zake, hiyo mimi sijapata kuiona nyingine.

Aliyenipa ni mzee wa Maragoli, jirani wa nyumbani kwa mama yangu. Tulimwita Guga, yaani babu, watoto wote wa pale tulimwita hivyo. Jina lake limeandikwa mahali linapostahili, ila familia imeomba nisiliweke mtandaoni, nami naheshimu. Aliingia jeshini baada ya Vita vya Pili, akawa katika kikosi cha 3 cha KAR, kile kilichopelekwa Malaya mwanzoni mwa 1952 kupigana msituni na kurudishwa nyumbani 1953. Uzeeni macho yalimwisha kwa glakoma, nami nikawa namsomea *Taifa Leo* kila nikifika nyumbani. Alipenda kurasa za maoni kuliko michezo, na ukiruka aya alijua.

Medali aliiweka ndani ya mkebe wa Kimbo, imeviringishwa kwa kipande cha leso. Chini yake kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni cheti kilichokuja na medali, mchwa wamekula kona ya chini, na jina lake limepigwa taipu kimakosa: herufi mbili za jina la ukoo zimebadilishana nafasi. Ya pili ni cheti chake cha kuachishwa kazi jeshini, chenye namba yake ya askari, na humo jina limeandikwa sawasawa.

Sasa shida yenyewe. Ichukue medali hii, pitisha kidole ukingoni. Hukuti kitu. Hakuna jina, hakuna namba, hakuna kikosi. Ndivyo zilivyotoka zote, isipokuwa 37 zilizochongwa maneno MOUNT EVEREST EXPEDITION ukingoni, wakapewa watu wa msafara uliofika kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953, habari yake ikatangazwa London siku ile ile ya kutawazwa. Wakusanyaji wanazisaka hizo 37 kwa ajili ya maneno hayo matatu tu. Hii ya Guga ukiitenga na Guga, inakuwa mojawapo ya maelfu.

Na tatizo halikuanzia 1953. Nyota za Vita vya Pili, ile ya 1939–1945, ile ya Afrika, ile ya Burma, pamoja na Medali ya Vita, askari wetu walipewa bila majina. Afrika Kusini na Australia waliwachongea watu wao majina kwenye medali hizo hizo. Wetu hawakuchongewa. Vijana waliovuka mto Chindwin mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wa nembo ya kichwa cha kifaru begani, walirudi Kakamega na Siaya na nyota ya pembe sita isiyomjua mwenyewe.

Nenda Nairobi, Kenyatta Avenue, ukaone zile sanamu tatu zilizosimamishwa miaka ya 1920 kuwakumbuka askari na wachukuzi wa Vita vya Kwanza. Maneno yaliyochongwa pale yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka jiwe lote. Hakuna jina la mtu. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000. Hao ni watu wa kwetu. Kuna boma gani Magharibi na Nyanza lisilo na mtu aliyekwenda Kariakoo, kikosi cha wachukuzi (Carrier Corps), asirudi?

Kwa hiyo Guga alipoamua kunipa ile medali, nilichomwomba ni kwamba tuandike kabla sijaigusa. Tuliandika barua moja kwa Kiswahili, ya ukurasa mmoja na nusu: yeye ni nani, ni mwana wa nani, wa ukoo gani, namba yake ya askari ni ipi, medali aliipata wapi na nani aliyemkabidhi, na kwamba jina lililo kwenye cheti cha medali na lile la cheti cha jeshi ni la mtu mmoja, yeye mwenyewe, hata kama herufi zimepishana. Kisha anampa nani, na kwa nini. Akaweka kidole gumba. Mwanawe wa kwanza akatia sahihi, mzee wa kijiji naye akatia. Nikampiga picha ameishika medali kifuani, na nikarekodi kwa simu akieleza yote hayo kwa Kilogooli kwa sauti yake. Nakala moja ya kila kitu ikabaki kwa familia.

Ninachosema ni hiki: zawadi ya medali isiyo na jina, ikitolewa bila maandishi, imefika nusu. Chuma umepewa, mtu hukupewa. Na wanaoweza kutupa huyo mtu wanazidi kupungua kila mwaka. Leteni ya kwenu, tusaidiane.

Nyalenda Juu

Mkuu hongera, umefanya jambo la maana. Mimi nina wazo rahisi. Kuna mafundi Kisumu hapa wanachonga majina kwenye vikombe vya mashindano, kazi safi kabisa. Si umpelekee akuchongee jina la mzee na namba yake ukingoni, mambo yaishe? Karatasi zinaungua, chuma kinabaki.

Msomaji wa Luanda

Nyalenda Juu, wazo hilo nililipima, na historia ina mfano wake.

Mwaka 1798 jeshi la majini la Uingereza lilishinda Wafaransa kwenye vita vya Nile, chini ya Nelson. Serikali haikuwapa mabaharia wa kawaida medali yoyote. Alexander Davison, wakala wa Nelson, akatoa pesa zake mwenyewe, karibu pauni 2,000, akatengenezesha medali kwa kila aliyekuwepo: dhahabu kwa manahodha, fedha kwa maafisa, shaba iliyopakwa dhahabu kwa wadogo wao, na shaba tupu kwa mabaharia. Zawadi binafsi, kutoka mfukoni mwa mtu mmoja. Na ukingoni akachonga jina. La nani? Lake yeye Davison, na mtaa anaokaa, St James's Square. Aliyepigana hakutajwa.

Mabaharia walifanyaje? Wengi wakajichongea wenyewe majina yao na ya meli zao kwenye nafasi iliyobaki juu ya medali. Leo hizo zenye majina ya kujichongea ndizo zinazotuambia nani alikuwa kwenye meli gani.

Sasa tofauti ni kwamba wao walichonga wenyewe, wakiwa hai, kwa mikono yao au kwa pesa zao. Nikichonga mimi leo, mtu atakayeishika miaka 50 ijayo ataona jina lililochongwa kwa mashine ya kisasa kwenye medali ambayo kila kitabu kinasema ilitoka bila jina. Atasema ni ya kughushi, na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Ushahidi nitakuwa nimeuharibu kwa mkono wangu. Guga mwenyewe angetaka kuchonga, ningempeleka kwa huyo fundi siku hiyo hiyo. Nilimuuliza. Akasema iachwe ilivyokuja.

Kuhusu karatasi kuungua, ndiyo maana ya nakala. Moja iko kwa mwanawe, moja kwangu, na picha za zote ziko kwenye barua pepe za watu watatu.

Mama wa Mbale

Nimesoma kwa makini. Naomba niulize kama mama aliyeolewa kwenye boma la askari. Baba mkwe alikuwa na nyota ya Burma. Alipofariki, siku ya matanga ndugu wawili nusura wapigane kwa ajili yake, kila mmoja anasema aliahidiwa yeye. Mwishowe ikachukuliwa na wa tatu, akaenda nayo Eldoret, hatujaiona tena. Wewe si mtoto wa huyo mzee. Je, kesho wajukuu wakija kusema umewaibia babu yao? Na kimila, kitu cha mzee kinatokaje nje ya ukoo?

Msomaji wa Luanda

Mama, swali lako ndilo lililoninyima usingizi kuliko mengine, na nashukuru umelileta.

Kwanza sheria. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kutoa mali yake inayohamishika akiwa hai, akaikabidhi mkononi, na imetoka. Inakuwa na masharti zaidi pale anapotoa akiwa mgonjwa na anaona kifo kiko karibu. Hiyo iko kwenye Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 31: lazima awe ameikabidhi, na akipona ugonjwa ule, zawadi hiyo haisimami tena. Guga hakuwa kitandani. Alikuwa ameketi chini ya mwembe wake anakunywa chai. Hata hivyo tarehe iko kwenye barua, na mashahidi wapo.

Lakini sheria peke yake haitoshi kwenye boma la Kimaragoli, wewe unajua kuliko mimi. Ndiyo maana nilikataa kupokea tukiwa wawili. Nilimwambia, Guga, ukinipa kisirisiri utakuwa umenipa kesi. Akawaita wanawe, na binti yake mmoja akaja kutoka Hamisi. Akawaeleza kwa kinywa chake kwa nini hampi yeyote kati yao: aliogopa akimpa mmoja, wengine watagombana, na aliona mimi nilikuwa na subira ya kusikiliza. Wa pili hakufurahi. Alisema hivyo mbele ya wote, na tukaandika ndani ya barua kwamba alipinga. Niliona ni bora kupingwa kwake kuwemo kuliko kukosekana.

Na nimewaahidi kitu kwa maandishi: siiuzi. Ikitokea siwezi kuitunza tena, inarudi kwa familia hiyo kabla haijaenda kwa mtu mwingine yeyote. Hilo nalo limo ndani ya barua.

Kuhusu nyota ya baba mkwe wako, usikate tamaa na huyo wa Eldoret. Mwombe picha ya nyota, huku na kule. Halafu wewe andika unachokijua: baba mkwe alikuwa kikosi gani, alienda lini, alirudi lini, nani alimwona akiivaa. Bado unaweza kuifanya kazi hiyo hata medali ikiwa mbali.

Afande Mstaafu Gilgil

Nimevaa sare ya nchi hii miaka mingi, kwa hiyo nichangie kidogo. Vijana mnafikiri shida hii ni ya wakati wa mkoloni. Mimi nilikwenda Namibia na kikosi cha Kenya, chini ya UNTAG, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, 1989 mpaka 1990, wakati naibu kamanda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa kule alikuwa Mkenya mwenzetu, Jenerali Daniel Opande. Tulipewa medali kwenye gwaride. Shaba, mbele nembo ya Umoja wa Mataifa, nyuma maneno ya Kiingereza kwamba tulihudumu kwa ajili ya amani. Sharti lilikuwa siku 90 za huduma. Nimeitoa sasa hivi kabatini niitazame baada ya kusoma uzi huu. Haina jina langu. Nimekaa nayo miaka yote hiyo na sijawahi kuligundua hilo.

Watoto wangu wanajua ni ya "UN". Hawajui Namibia ilikuwa ikipata uhuru wake, hawajui tulikuwa tunalinda uchaguzi wa Novemba 1989. Wakiniuliza nasema tu nilikuwa kusini.

Msomaji wa Luanda

Afande, heshima yako. Wewe ndiwe mtu ambaye uzi huu ulikuwa unamtafuta, kwa sababu wewe unaweza kuandika mwenyewe, kwa mkono wako, bila mjukuu wa jirani kukuandikia. Andika karatasi moja leo usiku. Namba yako, cheo chako wakati ule, kombania yako, mlikaa wapi, kazi yenu ya kila siku ilikuwa nini, siku ya gwaride nani alikubandika. Jambo dogo dogo ndilo wajukuu watakalolishika: mlikula nini, baridi ya usiku ilikuwaje. Tia sahihi na tarehe. Weka pamoja na medali, na nakala mpe mwanao wa mbali, asiwe yule mnayekaa naye nyumba moja.

Mwana Bahati, Nakuru

Mimi nitasema lililo moyoni na mnisamehe. Huu uzi unaniuma. Mwaka mmoja tu baada ya huo wa 1953 mnaousherehekea, babu yangu alikuwa Manyani, kambi ya kizuizini ya wakati wa Mau Mau. Bibi na watoto wakahamishiwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, wakalala njaa. Miongoni mwa waliokuwa wanasaka msituni walikuwa KAR. Askari Waafrika. Sasa leo tunaambiwa tuhifadhi medali yenye kichwa cha Malkia? Mwaka 2013 Waingereza wenyewe walikubali kuwalipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso ya wakati ule. Wazee wetu hawakupewa medali na yeyote.

Msomaji wa Luanda

Ndugu yangu, hakuna la kukusamehe hapo. Umesema kweli, na nisingependa uzi huu uendelee bila hayo uliyoyaandika.

Guga alikuwepo. Kikosi chake kiliporudi kutoka Malaya kilipelekwa moja kwa moja kwenye operesheni za Hali ya Hatari, dhidi ya Mau Mau, na yeye aliingia msitu wa Nyandarua upande wa serikali. Nilipofika hapo kwenye barua nilimuuliza kama niandike. Alinyamaza, kisha akasema niandike kwamba alikuwepo, na kwamba kuna kijiji walikizingira alfajiri, na alichokiona kwa kina mama pale. Alikieleza. Kimeandikwa kama alivyokieleza, sikukipunguza. Waliohudumu upande wa serikali wakati ule walistahili Medali ya Huduma za Jumla za Afrika yenye kibao cha neno KENYA juu ya utepe, kwa kipindi cha kuanzia 21 Oktoba 1952 hadi 17 Novemba 1956. Alisema yake hakuwahi kuivaa nyumbani, na hakujua ilipoishia.

Mimi naona medali hizi zinahitaji maandishi kwa sababu hiyo hasa. Zikibaki kimya, atakayezipata atazitungia hadithi tamu: picha ya askari shupavu, gwaride, Malkia. Zikiwa na maneno ya mwenyewe, zitasema na yale ya alfajiri kwenye kijiji. Na zitasema pia jinsi walivyotumiwa hao askari. Mwaka 2019 magazeti ya Uingereza yalichapisha hati zinazoonyesha kwamba mwisho wa Vita vya Pili askari mweupe wa Afrika Mashariki alilipwa kiinua mgongo hadi mara 3 ya alicholipwa Mwafrika wa cheo kile kile. Waliwapa nyota inayofanana, pesa wakazitofautisha kwa rangi ya ngozi.

Kama bibi yako au yeyote wa kizazi chake bado yupo, au kama kuna kipande cha karatasi cha Manyani nyumbani kwenu, naomba nacho kiandikiwe barua namna hiyo hiyo. Nitakusaidia kuiandika kama utapenda.

Mwana Bahati, Nakuru

Bibi hayupo tena. Ila kipande chake (kitambulisho) cha kijijini kipo kwa shangazi, Subukia. Nitamwomba. Kuhusu hiyo medali yako, sitaipenda, lakini ukiwa umeandika hayo ya alfajiri, basi itunze.

Kitukuu wa Mumias

Naomba msaada wakuu. Nyumbani kuna moja ya babu wa baba. Ni nzito, nyeupe imepiga weusi, ina mtu uchi juu ya farasi. Mjomba alitaka kuisugua na Brasso wiki iliyopita, nikamzuia baada ya kuona uzi huu. Ni ya nini? Na tuisafishe vipi?

Msomaji wa Luanda

Kitukuu, mzuie mjomba kwa nguvu zako zote! Ulichoeleza ni Medali ya Vita ya Uingereza ya 1914–1918, na huyo mtu wa farasi ni Mtakatifu George. Na wewe una bahati ambayo sisi wengine hatuna. Chukua kioo cha kukuzia, au kamera ya simu ukiikaribisha, tazama ukingoni kwenye mwanga wa upande. Medali za Vita vya Kwanza za askari wa KAR zilipigwa herufi: namba, cheo, jina, na mwisho K.A.R. Herufi hizo ni ndogo na hazina kina kirefu. Brasso ni dawa ya kusaga, inakula chuma kidogo kila unaposugua, na kinachoisha kwanza ni herufi za ukingoni na pua ya aliyechongwa. Nimeona moja Kisumu iliyong'arishwa kila Desemba kwa miaka mingi. Inameta sana, na ukingo wake umekuwa laini kama kokoto ya mtoni.

Ule weusi si uchafu. Ni fedha imekutana na salfa iliyo hewani. Iache. Ukitaka kuondoa vumbi, brashi laini kavu inatosha. Shika kwa kingo, au kwa glavu za pamba, kwa sababu jasho la vidole linaacha alama zisizotoka.

Pa kuiweka: usiifunge na mpira, usiizungushie gazeti wala kitambaa cha sufi, na usiitie kwenye zile plastiki laini zinazonuka, zote hizo zinatoa hewa inayoidhuru fedha. Hapa kwetu karibu na ziwa unyevu ni mwingi, kwa hiyo tia ndani ya kisanduku vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe. Utepe mzee usiufue. Ukitaka kuivaa au kuionyesha, nunua utepe mpya na uuhifadhi ule wa zamani pamoja na barua.

Maana siku ikifika ya kuivaa, tarehe 11 Novemba kwa mfano, desturi ya mjukuu ni kuiweka kifua cha kulia. Kushoto ni kwa aliyeipata mwenyewe.

Ukishasoma ukingo, njoo utuambie. Orodha za medali za vita ile zimehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, kwenye majalada ya WO 329, na KAR wamo. Ukiwa na namba ya askari unaweza kumtafuta.

Kitukuu wa Mumias

Nimetazama kwa simu. Kuna herufi! Namba inasomeka yote, jina linasomeka nusu, mwisho kweli ni K.A.R. Jina lililoandikwa si lile tunalotumia nyumbani, lakini shangazi mkubwa anasema ndilo alilobatizwa nalo pale misheni. Hakuna mtu aliyewahi kutuambia.

Msomaji wa Luanda

Basi shangazi mkubwa aandikiwe hayo leo, kwa jina lake, kwamba yeye ndiye aliyeyasema. Jina la ubatizo na jina la nyumbani yakae kwenye karatasi moja.

Nami nina ombi kwenu, hasa mlio Nakuru na Naivasha. Guga alikuwa na medali nyingine, ile ya Malaya. Hiyo ilikuwa na jina lake ukingoni, kwa sababu Medali ya Huduma za Jumla ilichongwa namba, cheo na jina la askari. Aliiuza Nakuru zamani, kwa mtu aliyekuwa akinunua vitu vya kale, ili alipe karo ya binti yake. Binti alimaliza shule, akawa mwalimu, na Guga hakuijutia pesa ile hata siku moja. Lakini aliniomba nikipata nafasi niulizie.

Utepe wake ni zambarau, na mstari wa kijani katikati. Juu yake kuna kibao kilichoandikwa MALAYA. Nyuma yupo mwanamke mwenye mabawa, amesimama. Kama unayo, au unamjua anayeinunua na kuiuza, sitaki uninyang'anyie mtu wala sitamuuliza mtu aliipataje. Nipigie picha ya ukingo tu, unitumie inbox. Namba yake ya askari ninayo, nitailinganisha. Ikiwa ndiyo, nitakuja kuongea na mwenyewe ana kwa ana, nikiwa na mwanawe wa kwanza.

Afande Mstaafu Gilgil

Naivasha kuna mzee mmoja ana sanduku zima la hizi. Nitampitia Jumamosi na miwani yangu ya kusomea.